Watu Sitini na Watatu wa Chinyika

1

Boza namba 212 lilipita njia panda ya Nzuguni likiwa na lita elfu kumi na mbili za maji ya kunywa. Lilipofika njia panda iliyofuata lilikuwa limepungukiwa lita mia nane, na katikati ya njia panda hizo mbili hapakuwa na kituo hata kimoja cha kushusha maji.

Damari Chilongani aliuona upungufu huo kabla Ramani Hai, mtambo wa kuongoza magari ya mji, haijaupigia kelele. Alikuwa amekalia kiti cha uratibu wa magari miaka sita, na macho yake yalikwisha kuzoea kusoma uzito wa magari kama mama anavyosoma uso wa mtoto anayeanza homa. Akainama mbele ya kioo kikubwa, akaligusa doa la buluu lililokuwa likitambaa kuelekea uwanjani, na jina la dereva likajitokeza: Hezroni Mlewa.

Ilikuwa tarehe saba Desemba, mwaka elfu mbili sitini na moja. Sherehe za Miaka Mia ya Uhuru zilikuwa zimeanza asubuhi hiyo, na Dodoma ilikuwa imemeza wageni milioni mbili. Watu hao walitaka kunywa, kula, kukaa kwenye viti na kuoga, na kila walichokitaka kiliwafikia kwa magurudumu. Magari elfu thelathini na moja yalizunguka mjini bila taa za barabarani wala askari wa kupunga mkono. Chini ya kila gari paliganda kifaa kidogo, ukubwa wake kama kokwa la embe. Wahandisi walikuwa na jina lake refu, lakini madereva walikiita kupe, kwa kuwa kikishanasa hakibanduki na kinanyonya kila habari: gari liko wapi, limebeba uzito gani, mzigo una joto kiasi gani, mlango umefunguliwa mara ngapi. Kupe hao walinong'ona kila nukta, na Ramani Hai ikasikiliza minong'ono yote kwa pamoja, ikafungua njia hapa na kuifunga pale, ikayapitisha magari kwa kupishana kiasi cha mkono mmoja tu. Dereva alishika usukani kwa ajili ya vichochoro na maegesho. Kwingine kote Ramani ndiyo iliyoendesha.

Damari akavaa spika za masikioni.

"Mzee Mlewa, shikamoo. Hapa ni uratibu."

"Marahaba, mwanangu. Nakusikia."

"Umesimama dakika tano pale kwenye ukuta wa Chinyika."

"Tairi. Nilihisi linapungua upepo."

"Tairi ndilo lililopungua upepo, mzee, au boza ndilo lililopungua maji?"

Hezroni alianza sentensi mara mbili, akaiacha. Damari alimfahamu kwa sauti kuliko kwa sura, maana walikuwa wameonana mara mbili tu, zote misibani. Hakuwahi kumsikia akitafuta maneno.

"Kuna watu Chinyika," akasema hatimaye.

"Chinyika hakuna watu. Mtaa mzima umehamishwa tangu Jumapili."

"Ramani ndivyo inavyosema. Mimi nimepitisha mpira wa maji juu ya ukuta, na mikono iliyoupokea ilikuwa ya watu."

Damari akaitafuta Chinyika kwenye kioo. Ilikuwa nyuma kabisa ya uwanja mkubwa, nyumba mia mbili na kitu, zote zimepakwa rangi ya kijivu. Akagusa kijivu kile. Yakaja maandishi: *Eneo hili halina wakazi kwa sasa.* Kwa sababu halikuwa na wakazi, bomba lake la maji lilikuwa limefungwa ili nguvu yote ya maji iende uwanjani. Wala gari la taka halikupangiwa kupita, wala la dawa.

"Hawakupiga simu?" akauliza.

"Wamepiga mpaka wamechoka. Wanajibiwa na mashine kwamba hawapo." Hezroni akashusha pumzi. "Mabasi ya kuwahamisha yalikuja awamu ya kwanza, wakachukuliwa wenye nguvu. Awamu ya pili haikuja. Mwenyekiti wa mtaa alikwisha kuandika kwamba wote wameondoka. Waliobaki ni wagonjwa, vikongwe na wanaowauguza. Yupo na mzazi wa mapacha, hawana hata wiki mbili. Joto hili unalijua mwenyewe."

Pembeni ya kioo alama nyekundu ilikuwa imekwisha kuwaka: *Upungufu wa mzigo. Wizi?* Mratibu alipewa dakika tatu za kuithibitisha au kuifuta. Akiithibitisha, injini ya boza ingezimwa hapo lilipo na Hezroni angenyang'anywa leseni. Damari akaandika *kosa la mizani*, akaifuta.

"Nimeifuta," akasema. "Hii ni mara moja tu, mzee."

"Mara moja haitoshi, mwanangu. Lita mia nane kwa kiu ya siku mbili zimekwisha hata kabla hawajapika. Na kuanzia saa sita barabara ile ya ukutani inachukuliwa na mazoezi ya gwaride. Ili niwafikie inabidi niingie ndani kabisa, kwa uchochoro wa nyuma. Nikiacha njia niliyopangiwa, Ramani itanizimia gari."

Damari alijua anaombwa nini, ingawa Hezroni hakulitaja. Waratibu walikuwa na kitu walichokiita kivuli: alama ya gari la uongo, iliyotengenezwa kwa ajili ya kujaribia njia panda mpya usiku wa matengenezo. Mratibu angeweza kuivika namba ya gari la kweli. Ramani ingekodolea macho kivuli, na gari lenyewe lingetembea huru kama mbuzi aliyekata kamba. Ilikatazwa kabisa kukitumia mchana. Damari mwenyewe ndiye aliyewafundisha waratibu wapya sababu yake: *gari lisiloonekana halipishwi na mtu.*

Akazitazama zile nyumba za kijivu.

"Unataka dakika ngapi?"

"Ishirini."

"Saa saba kasoro kumi," akasema Damari. "Usizidishe."

2

Saa saba kasoro kumi boza namba 212 lilionekana limesimama kwenye foleni ya kujaza maji Nzuguni, limetulia, likingoja zamu yake. Lile la chuma na matairi lilikuwa likiingia Chinyika kwa uchochoro ambao upana wake haukufika mita sita.

Dakika kumi na moja zikapita salama. Damari alikuwa ameanza kupumua.

Ndipo mazoezi ya gwaride yakazidisha muda wake. Bendi ya jeshi ilirudia kipande kimoja mara tatu, na barabara kuu mbili zikabaki zimefungwa. Ramani ikafanya kazi iliyoumbiwa, ikawatafutia waliokwama njia nyingine. Ikauona uchochoro wa Chinyika. Kwake ulikuwa mtupu kabisa, hauna gari, hauna mtu, hauna mtoto wa kukimbilia mpira. Ikalipitisha humo gari dogo la mikate namba 87, na kwa kuwa njia ilikuwa tupu, ikalipa mwendo wa kilomita hamsini kwa saa.

Damari aliliona lile doa la manjano likikata kona. Mkono wake ukaruka kwenda kwenye kitufe cha kusimamisha. Vidole vikafika, lakini doa lilikuwa limekwisha kusimama lenyewe, ghafla mno, na pembeni yake yakaandikwa maneno: *Gari 87 limegonga ukuta. Dereva ameumia.*

Chumba kizima kikageuka. Baada ya dakika tano Mhandisi Pankrasi Ngonyani, mkuu wa uratibu, akatoka ofisini kwake akiwa bado ameshika kikombe cha chai. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, ambaye watumishi wake walimwogopa kwa sababu hajawahi kufoka.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, Mhandisi," akajibu kijana wa meza ya jirani. "Dereva amevunjika mkono. Wauguzi wa pikipiki wamekwisha kufika. Anaitwa Sikudhani Kalulu."

"Anasemaje?"

"Anasema alipokata kona alikuta boza la maji limeziba njia. Akashika usukani kwa nguvu, akakwepa, akaingia ukutani. Lakini hakuna boza, Mhandisi. Wauguzi hawakuliona. Na Ramani haionyeshi boza."

Mhandisi Ngonyani akakitazama kioo muda mrefu. Uchochoro ulikuwa mtupu. Foleni ya Nzuguni ilikuwa na maboza tisa, mojawapo namba 212.

"Damari, wewe ndiye mwenye mabuluu ya maji. Kulikuwa na boza pale?"

Damari aliyatazama maboza yale tisa. Aliwaza mapacha. Aliwaza leseni ya Hezroni, miaka thelathini barabarani bila doa. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Ramani haionyeshi boza."

Haikuwa uongo. Ndiyo maana ilimuuma zaidi.

"Basi alisinzia," Mhandisi akasema kwa masikitiko. "Andikeni hivyo. Na mikono haikuwa kwenye usukani ndani ya uchochoro. Hilo ni kosa lake la pili. Maskini, atafungiwa."

Hezroni alipiga simu baada ya robo saa, na Damari akaipokelea koridoni, karibu na dumu la maji ya kunawia.

"Nilimtoa mwenyewe garini," mzee akasema. "Nikamlaza kivulini. Watu wa Chinyika wakanisukuma, ondoka, ondoka, utatuponza sote. Nikaondoka, Damari. Nimemwacha mtoto wa mwenzangu na mkono umepinda, nikawasha gari nikaondoka."

"Usiseme kitu kwanza, mzee wangu. Nipe mpaka kesho asubuhi."

"Ukinyamaza wewe na nikanyamaza mimi, yule binti ni mwongo."

"Najua," akasema Damari. "Nipe mpaka kesho."

3

Zamu yake iliisha saa tisa. Badala ya kupanda treni ya kwenda nyumbani, Damari akatembea kwa miguu kuelekea nyuma ya uwanja, akipenya katikati ya watu waliovaa kanga na fulana za Miaka Mia. Hakuna aliyemzuia. Ramani ilifuatilia magari. Mtu anayetembea kwa miguu hakuwa kitu kwake.

Chinyika ilinyamaza kama nyumba ya msiba baada ya wageni kuondoka. Penye kona aliona ukuta uliobomoka na vipande vya taa ya gari. Mkate mmoja uliofungwa vizuri ulikuwa umesahaulika juu ya tofali. Akasimama hapo kitambo.

"Mbukwenyi," sauti ikamsalimu kwa Kigogo.

Aliyesimama mlangoni alikuwa mwanamke wa makamo, kilemba cheusi kichwani, ndoo tupu mkononi. Jina lake Foibe Ndahani. Alikuwa amebaki kumuuguza mama mkwe wake aliyepooza, na katika siku mbili hizo, bila kuchaguliwa na mtu, amekuwa ndiye anayegawa maji ya mtaa mzima kwa kikombe. Damari alipojitambulisha, uso wa Foibe ukakunjamana.

"Wewe ndiye uliyelificha lile boza?"

"Ndiye mimi."

"Mungu akubariki. Na yule binti?"

"Amevunjika mkono. Wanasema alisinzia."

Foibe akaiweka ndoo chini. Alimshika Damari mkono akamwingiza ndani, akamzungusha nyumba baada ya nyumba. Damari akamwona mzee Zefania, fundi wa reli mstaafu, aliyekaa na miguu yake iliyovimba juu ya stuli. Akaona watu wawili wenye kikohozi waliolala chumba kimoja ili wanaowauguza wapunguze mwendo. Akamwona mzazi wa mapacha, msichana wa miaka ishirini na mbili, akiwapangusa watoto kwa kitambaa kilicholowa kidogo, mmoja baada ya mwingine, kwa maji yale yale. Damari alihesabu kwa vidole, halafu akachukua kalamu. Walikuwa sitini na watatu.

"Nitawaambia wakubwa kwamba mpo," Damari akasema walipotoka nje.

"Usithubutu," Foibe akajibu, na haraka ya jibu lake ilimshtua Damari. "Wakijua tupo wataleta basi watutoe. Mama yangu mkwe ukimtikisa kwenye basi, kwa joto hili, humrudishi akiwa hai. Tuache hivi hivi. Lete maji kimyakimya, siku zimebaki mbili."

"Kimyakimya ndiko kulikomvunja mkono yule binti."

"Bahati mbaya ile."

"Haikuwa bahati mbaya, mama." Damari alikuwa akiyasema kwa mara ya kwanza, na aliyasikia kama yanasemwa na mtu mwingine. "Magari yale hayana macho. Yanaona kwa kuambiwa. Mimi nimeyaambia hapa hapana kitu. Kesho nikiyaambia tena hapana kitu, litakuja gari la wagonjwa, au basi la watoto wa shule, nalo litaamini."

Foibe alitazama upande wa ukuta uliobomoka. Kwa mbali bendi ilikuwa ikipiga tena kile kipande chake.

"Mimi nimesema nisichokitaka," akasema mwishowe. "Basi sitaki. Hayo mengine wewe ndiye unayeijua kazi yako."

4

Asubuhi ya tarehe nane Damari aliingia ofisini kwa Mhandisi Ngonyani kabla bwana huyo hajavua koti. Akamwekea mezani ufunguo wake wa uratibu na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono.

"Boza lilikuwepo," akasema. "Nililivika kivuli. Sikudhani Kalulu hakusinzia, na mzee Mlewa aliingia mle kwa ruhusa yangu."

Mhandisi akaketi polepole. Aliusikiliza mkasa wote bila kumkatiza. Damari alipomaliza, akauchukua ule ufunguo akaugeuzageuza.

"Unajua kwa nini watu wanakubali kuendeshwa na kitu wasichokiona?" akauliza. "Ni kwa sababu hakijawahi kuwadanganya. Mtu anaondoa mikono kwenye usukani, anafunua chapati yake anakula, na mbele yake kuna lori la tani arobaini. Imani hiyo tumeijenga miaka kumi na mitatu. Wewe umeichezea kwa dakika ishirini."

"Nakubali. Sikuja kujitetea."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kukwambia kwamba uongo wa kwanza haukuwa wangu." Damari akamsogezea ile karatasi. Ilikuwa na majina sitini na matatu, umri, namba ya nyumba na ugonjwa. "Ramani imewaambia hawa watu kwamba hawapo. Kivuli changu kilikuwa gari lisilokuwepo likaonekana lipo. Hawa wapo, wanaonekana hawapo. Sioni tofauti, Mhandisi, isipokuwa kwamba wangu umevunja mkono mmoja, na huu ukiendelea mpaka kesho kutwa utakuwa umeua."

Mhandisi alisoma majina kwa kidole, moja moja. Alipofika kwa mapacha, ambao walikuwa bado hawajapewa majina na Damari alikuwa ameandika *Kulwa* na *Doto*, kidole kikasimama.

"Daftari la wakazi limefungwa mpaka sherehe ziishe," akasema. "Siwezi kulifungua. Hata waziri hawezi. Ndivyo tulivyolitengeneza, ili asitokee mtu wa kujichomekea nyumba ndani ya eneo la ulinzi. Ninachoweza ni kuomba mabasi wahamishwe."

"Nimekaa na mmoja wao ambaye akitikiswa kwenye basi atafia njiani. Wenyewe hawataki mabasi."

"Basi tufanyeje? Ramani haiwezi kumpelekea maji mtu asiyekuwa mkazi."

"Inawapelekea watu milioni mbili wasio wakazi," Damari akasema. "Daftari la wageni liko wazi. Linafunguliwa kila dakika."

Mhandisi akamtazama. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile kitu kama tabasamu kilimpita usoni, kikaondoka.

"Uwaandikishe wageni nyumbani kwao wenyewe?"

"Mgeni ni mtu aliyepo Dodoma kwa ajili ya sherehe, anayehitaji huduma. Ndivyo fomu inavyosema. Wapo Dodoma. Sherehe wanazisikia mpaka masikio yanawauma. Na huduma wanaihitaji. Hakuna neno la uongo hapo, nimeisoma mara nne."

Mhandisi akasimama, akaenda dirishani. Kutoka mlimani ilipokuwa ofisi mji ulionekana wote, bendera kila paa, na magari yakipita katikati yake kama siafu waliofundwa.

"Hata wakiwa wageni," akasema bila kugeuka, "njia pekee ya boza kuingia Chinyika wazi wazi, likionekana, ni kukata barabara ya gwaride. Leo ni mazoezi ya mwisho, kesho ndiyo siku yenyewe. Inabidi nisimamishe safu. Dakika sita, labda saba. Nitaulizwa na watu ambao sijawahi kuulizwa nao."

"Kati ya bendi ya jeshi na watoto wa shule kuna nafasi. Nimeipima. Ukiwachelewesha watoto dakika nne tu, inatosha. Nao watoto watapata pa kunywea maji."

Mhandisi akahesabu dakika kwa vidole kwenye ukingo wa dirisha. Kisha Mhandisi Ngonyani akarudi mezani, akachukua simu, na kabla hajapiga akasema mambo matatu kwa sauti yake ile ile ya upole. Kwamba taarifa ya Sikudhani itafutwa saa hiyo hiyo na kuandikwa upya. Kwamba mzee Mlewa ataendesha boza lake siku zilizobaki akiwa na askari wa barabarani pembeni, na baada ya hapo atakutana na kamati. Na kwamba ufunguo wa Damari hautarudi mkononi mwake.

"Kamati itakaa Jumanne," akasema. "Sijui wataamua nini, na sitawaomba wakuonee huruma. Nitawaambia ulichofanya, chote, cha jana na cha leo."

"Ahsante, Mhandisi."

"Usinishukuru. Nenda kamwone yule dereva kabla hajasikia kwa mtu mwingine."

5

Sikudhani Kalulu alikuwa ameketi kitandani katika hema la wauguzi, mkono wa kulia umefungwa plasta, akijaribu kumenya chungwa kwa mkono wa kushoto. Alikuwa na miaka kama ishirini na saba, mwenye macho makali ya mtu aliyezoea kuamka kabla ya jogoo. Damari akalichukua chungwa akalimenya, na wakati anamenya akamweleza yote. Hakuchagua maneno. Aliyataja kwa mpangilio yalivyotokea.

Sikudhani alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo boza lilikuwepo," akasema.

"Lilikuwepo."

"Nimekaa usiku kucha nikijiuliza kama nina kichaa. Nilimwona mpaka mzee aliyenibeba. Nikasema labda nilikuwa naota." Akafumba macho. "Dada, mkono utapona. Lakini jana nilikuwa tayari kukubali kwamba nilisinzia. Walikuwa wameniletea karatasi nitie sahihi. Ningetia."

"Nisamehe."

"Sijui bado," Sikudhani akasema, wala hakulisema kwa ubaya. "Labda baadaye. Wale watu wamepata maji?"

Damari akamwonyesha kwenye kishikwambi, Ramani upande mmoja na picha za mazoezi ya gwaride upande wa pili. Kijivu cha Chinyika kilikuwa kimetobolewa na vitone vya kijani vya wageni walioandikishwa, na lile doa la buluu la namba 212 lilikuwa likikata barabara ya gwaride polepole, mchana kweupe, bendi ikiwa imesimama upande huu na watoto wa shule upande ule. Askari mmoja wa bendi alionekana amelipigia saluti, pengine kwa mzaha.

Sikudhani alitazama mpaka doa lilipoingia ndani na kusimama.

"Na wanakula nini?"

Damari alikuwa amefikiria maji tu.

"Gari langu limeumia taa na bampa, lakini injini ni nzima," Sikudhani akasema, akishusha miguu chini. "Kesho mikate inatoka tanurini saa kumi na moja asubuhi. Una leseni?"

"Ninayo. Sijaendesha miaka minne."

"Utaendesha. Mimi nitakaa pembeni nikuelekeze, na hutaondoa mikono kwenye usukani hata sekunde moja."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba asubuhi ya tarehe tisa Desemba, wakati ndege za jeshi zinapita juu zikimwaga moshi wa kijani, wa njano, mweusi na wa buluu, Damari Chilongani alikuwa ndani ya gari la mikate lenye taa moja, akitoa jasho, mikono imeng'ang'ania usukani, na mwanamke mwenye plasta akimwambia punguza, punguza, kata sasa. Kupe chini ya gari alikuwa macho. Mji mzima uliwaona. Njia panda zilifunguka mbele yao moja baada ya nyingine, na Damari, aliyezifungua maelfu ya mara kwa kidole, hakuwahi kujua kwamba ukiwa barabarani zinapofunguka unahisi kama umekaribishwa.

Chinyika watu walikuwa wametoa viti nje. Bomba lilikuwa limefunguliwa alfajiri, na Foibe alikuwa akifua. Hezroni alikuwa hapo na boza lake na askari wake, amesimama kama mtu aliyeitwa shuleni kwa mwalimu mkuu. Alipomwona Sikudhani anashuka, akavua kofia. Sikudhani akamwendea, wakazungumza wawili peke yao kando ya boza, kwa muda, na Damari hakuwasogelea. Aligawa mikate.

Simu yake ikaita. Alikuwa Mhandisi Ngonyani, na nyuma yake kulisikika vuvuzela na wimbo wa taifa.

"Nimeomba orodha ya maeneo yote ya kijivu," akasema. "Yako kumi na moja mbali na Chinyika. Yote yameandikwa hayana wakazi. Sasa siamini hata moja."

"Ramani haiwezi kukwambia," Damari akasema.

"Ndiyo maana nakupigia. Nataka mtu wa kwenda kuhesabu kwa macho, leo, kabla jua halijawa kali. Huna ufunguo, huna kiti, na Jumanne pengine hutakuwa na kazi. Lakini miguu unayo."

Damari akaitazama Chinyika. Akawatazama wazee wenye mikate mapajani, na mzazi wa mapacha aliyekuwa akiwaogesha watoto wake ndani ya beseni lililojaa mpaka kwenye ukingo, wakipiga kelele.

"La karibu liko wapi?"

"Mtaa unaofuata, ng'ambo ya reli. Nyumba themanini."

Akamwambia Sikudhani anakwenda wapi. Sikudhani akampa mikate sita na kalamu iliyokuwa garini. Damari akavuka reli kwa miguu, akaingia mtaa ambao milango yake yote ilikuwa imefungwa na vumbi halikuwa na alama ya gurudumu. Akaanza na nyumba ya kwanza mkono wa kulia. Akagonga.

"Hodi," akasema.

Akangoja. Akagonga tena.

"Hodi wenyewe."

Ndani kitu kilisogezwa, kama kiti, na sauti ya mtu aliyekuwa hajazungumza siku nyingi ikajibu:

"Karibu."